Dawa ya Sigara Yangu Ilitoka Sandoa

Binti yangu alikuwa akininusa mlangoni kama mwanamke anayenusa samaki sokoni kabla ya kuuliza bei. "Leta mikono, tata," ananiambia, nami, mwenye nyumba, niliyeyapigilia mabati ya nyumba ile kwa mikono yangu mwenyewe, nasimama kizingitini na kunyoosha viganja. Ananusa cha kulia, ananusa cha kushoto, anamalizia na kola ya shati. Kisha anatikisa kichwa na kufunga mlango wa chumba. Humo ndani alikuwamo mjukuu wangu wa kwanza, na mimi nilikuwa bado sijamshika hata mara moja.

Kwetu, mwanamke huja kuzaa mtoto wake wa kwanza kwa wazazi wake. Kwa hiyo binti yangu alitoka Likasi kwa mumewe, akaja kwetu Kolwezi na tumbo lake, akipanga kukaa mpaka mtoto akaze shingo. Tumbo halikumsikiliza. Mtoto, msichana, alitoka kabla ya wakati, mdogo kama mkate, na kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Daktari alituambia wazi kwamba katika nyumba ya mtoto huyu moshi wa sigara usiingie, na kwamba mvutaji asimbebe kabisa, maana moshi hukaa kwenye nguo na mikono hata sigara ikiisha. Aliposema hivyo wote waligeuka kunitazama. Hata mfagizi aliyekuwa akipita na ndoo yake alisimama kunitazama, ilhali hakunijua.

Mimi ni dereva wa lori. Napakia shaba Kolwezi na kuipeleka mpakani Kasumbalesa, na yeyote anayeijua njia ile anajua kwamba kazi ya dereva si kuendesha, kazi ya dereva ni kungoja. Unangoja kupakia, unangoja karatasi, unangoja kwenye kizuizi, unangoja foleni ambayo mkia wake unaanzia mahali ambapo mpaka wenyewe bado ni habari za kusikia tu. Mtu asiyevuta hapo hupiga soga, lakini mimi sipendi watu. Nina hasira za karibu, na soga za madereva hunipandisha damu. Basi nilivuta.

Mtaa mzima ulikuwa na dawa yangu. Jirani, fundi wa baiskeli, aliniambia nitafune tangawizi. Nikatafuna mpaka ulimi ukafa ganzi, kisha nikagundua kwamba sigara baada ya tangawizi ni tamu zaidi. Dereva mwenzangu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa Maniema, alinishauri nifunge kama anavyofunga yeye mwezi wa Ramadhani, kwani mwezi ule hagusi sigara mpaka jua lizame. Nikafunga. Adhuhuri nikakumbuka kwamba mimi ni Mkatoliki. Mke wangu akaniletea watu wa kikundi chake cha maombi, wakaniombea kwa kelele nyingi kiasi kwamba walipomaliza nilitoka nje kuvuta moja ili kichwa kitulie.

Ndipo mke wangu akaniongoza kwenda zahanati, naye akaingia pamoja nami hadi ndani. Alisema mwanamume akiachwa peke yake na muuguzi, huumwa ugonjwa mwingine.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mtu aliyekulia Kinshasa na kujifunzia Kiswahili hapa hapa Kolwezi. Nilitegemea anipe vidonge niende zangu. Badala yake alivuta kiti akakaa, akaanza kuniuliza maswali kama polisi.

"Tata, kila mutu iko na sigara yake," alisema. "Mi nikikupa dawa ya mwenzako, ni sawa kukuvalisha kiatu yake. Asubui ukiamuka, unavutaka mbele ya kusema na batu?"

"Hapana. Asubui mi nakunywaka chai."

"Ukigonjwa?"

"Nikigonjwa hata siiwaze."

"Sasa unavutaka wakati gani?"

"Nikingoya. Na batu bakinikasirisha."

"Njo kusema kila saa," mke wangu akadakia.

Muuguzi alieleza kwamba kuna watu ambao mwili wenyewe ndio unaodai, na hao huwabandika ngozini sparadra, plasta yenye dawa, inayoutuliza mwili polepole. Mimi si wa hao. Mwili wangu haudai kitu. Inayodai ni mikono isiyo na kazi na moyo wenye kuchemka. Kisha akaniuliza swali ambalo laiti nisingalijibu.

"Kuko mutu mwenye hauwezake kuvuta mbele yake, hata kama una hamu namna gani?"

"Mama mukwe," nikajibu, bila kufikiri.

Mke wangu akapiga makofi. Muuguzi akacheka, akasema basi dawa imepatikana: kila nikishika sigara, nimuwaze mama mukwe ananitazama. Nadhani yeye alitaka nimuwaze tu. Lakini mke wangu alikuwa tayari anatafuta simu ndani ya pochi.

"Juu ya nini kumuwaza," akasema, "na mwenyewe iko muzima?"

Siku hiyo hiyo alipiga simu Sandoa.

Hapa lazima nieleze bukwe, kwa ajili ya wale ambao kwao mkwe ni mtu wa kutaniana naye. Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia majanini na kugeuza uso mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na kadiri unavyompenda mke wako ndivyo unavyomkwepa mama yake. Mimi nimempenda mke wangu sana. Katika miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa nimemwona mama mukwe kwa mgongo tu, na kisogo chake ningekitambua katika kundi lolote. Kuna namna ya kuyamaliza haya, unatoa mbuzi na kitambaa cha kikwembe na watu wanakula, lakini mimi sikuwahi kuyamaliza. Mama mukwe alikaa mbali Sandoa, mimi barabarani, na kukwepana hakukutugharimu kitu.

Alifika juu ya lori la mihogo, na magunia yake ya unga, mtungi wa asali, na kuku jike mmoja mwekundu aliyefungwa miguu. Nilimwona kwa mbali, nikaruka nyuma ya nyumba. Nikamsikia akilia kwa furaha alipopewa mtoto. Alimfunga kifuani kwa kikwembe chake, ngozi kwa ngozi, kama daktari alivyoagiza, na toka siku hiyo mtoto alishuka pale mara chache tu. Mke wangu alikuwa amejaa ushindi. Aliona sasa sitavuta tena, maana mwenye kuniaibisha yuko ndani.

Mke wangu ni mwenye akili, lakini hapo alikosea hesabu. Kwa kuwa mama mukwe yuko sebuleni, mimi siwezi kukaa sebuleni. Akiingia jikoni, sijui jikoni. Akikaa barazani kupunga upepo, mimi nauzunguka ua kama mwizi. Siku nisizosafiri, katika nyumba yangu yote ilibaki sehemu moja tu ambapo ningeweza kukaa bila kuvunja heshima: nyuma ya ukuta wa bafu, kati ya kuni na kuku. Na nyuma ya ukuta wa bafu, peke yangu, nimefukuzwa nyumbani kwangu, mkono hauna kazi na moyo unachemka, nifanye nini? Sikuwahi kuvuta sana kama wiki zile za dawa.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa hapo na sigara yangu nikaona moshi mwingine. Ulipanda kutoka upande wa pili wa ukuta, mzito, wa buluu, na harufu yake haikuwa ya sigara ya dukani. Ilikuwa tumbako ya shamba, ile kali ya kijijini, ya kiko. Nikakohoa. Upande wa pili mtu akakohoa. Na kikohozi kile nilikijua, kwa maana nilikuwa nimekisikia sebuleni kwangu kila asubuhi.

Kama mkwe hawezi kuvuta mbele ya mama mukwe, hata mama mukwe hawezi kuvuta mbele ya mkwe. Ni aibu ile ile. Maskini, naye alikuwa amemwachia binti yangu mtoto anyonyeshe, akaitafuta ile sehemu moja tu ambapo mimi singeweza kumwona.

Hakuna aliyetikisika. Ua wetu una njia moja ya kutoka kule nyuma, na atakayetoka wa kwanza ataonwa na mwenzake. Nikaamua kungoja aondoke. Nadhani naye aliamua hivyo hivyo. Kisha, kama vile mambo hayajatosha, mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua ya Kolwezi yenyewe, ya kuyapiga mabati mpaka mtu hasikii mawazo yake. Nikalowa. Naye nilijua analowa, na ni mama mzee, na kosa ni la nani? Nilianza kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

Kuku mwekundu alikuwa amejikunyata kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo wote wawili tuliweza kumwona. Mvua ilipopungua kidogo, nikasikia sauti.

"We kuku. Ambia mutu mwenye iko ule ngambo: mi sikuone kitu."

Huo ni utaratibu wetu. Ukilazimika kusema na mkwe, unamsemesha mtu wa kati. Mtu wa kati hakuwepo, basi alichukuliwa aliyekuwepo. Nikakohoa, nikajibu kwa adabu zote.

"Kuku, ambia mama: na miye sikuone kitu."

"Kuku, muambie afunge macho, mi nipite."

Nikafumba macho. Nikasikia kandambili zake zikipita kwenye tope, polepole, kwa heshima kubwa. Tangu hapo tulikuwa na mkataba, na kuku alikuwa shahidi.

Ningeendelea kuucheka mkataba ule hadi leo kama mtoto asingezidiwa. Siku chache baadaye kifua chake kiliziba, midomo ikawa na rangi ya majivu, tukakimbia naye hospitali. Walimwekea oksijeni. Nilikaa nje kwenye benchi, na sikuvuta, kwani hata hamu iliniogopa. Alipopata nafuu tukaruhusiwa kurudi nyumbani, lakini kwanza daktari akauliza tena kwa ukali: nani anavuta katika nyumba ile? Wote wakanitazama, isipokuwa mama mukwe, ambaye hanitazami kwa sheria.

Mimi nilijua. Mtoto hakuwahi kufika mikononi mwangu. Kikwembe kilichomfunga usiku na mchana ndicho kilichonuka tumbako, na binti yangu alidhani harufu ile inatoka kwangu. Lakini ningesemaje? Nimwambie mke wangu kwamba mama yake anavuta? Ningeulizwa nimemwona wapi, na jibu lenyewe ni tusi. Na mkataba je? Na nisiposema, mtoto atarudi kwenye oksijeni. Sijawahi kuwa katika foleni mbaya kama ile. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba mtoto atakufa kwa sababu ya heshima yangu.

Asubuhi iliyofuata binti yangu alitoka na mizigo yake hadi barazani. "Tata, mi naenda," alisema huku analia. "Nitarudia Likasi na mutoto wangu. Nakuheshimia, lakini mutoto atanifia hapa. Unashindwa kuacha hata juu yake?"

Nikafungua mdomo. Sijui hadi leo ningetoa neno gani. Ghafla mlango wa sebule ukafunguka na mama mukwe akatoka, akaja mpaka katikati ya baraza, mbele yangu, bila kuku, bila mtu wa kati. Nikageukia ukuta haraka, pua yangu ikagusa chokaa.

"Achia tata yako," nikamsikia akisema. "Arufu ile ni ya miye."

Nikasikia kitu kikianguka juu ya sementi. Nilijua ni kiko.

 Fikiria mama wa umri ule akijivua aibu yake yote mbele ya mkwe wake, ili mkwe asibebe kosa lisilo lake peke yake. Mimi nimetukanwa na polisi wa kila kizuizi kutoka hapa hadi mpakani, na hakuna aliyenitoa machozi. Pale ukutani macho yaliniuma.

Mke wangu akakiokota kile kiko. "Mama?" akasema. Kisha kwa sauti nyingine kabisa: "Kumbe batu bawili!"

Hakwenda mtu Likasi. Walikwenda zahanati mama mukwe na mke wangu, na mimi nikafuata nyuma kwa umbali unaofaa, nikasikilizia dirishani. Muuguzi alirudia maswali yake yale yale, na majibu yalikuwa mengine kabisa. Mama mukwe alivuta alfajiri, kabla ya kusema na mtu, hata akiwa na homa. Kiko kilikuwa cha marehemu mume wake. Kila asubuhi mzee alikiwasha, akavuta, akampokeza mkewe, na wakakaa hivyo bila maneno mpaka jogoo anyamaze. Mzee alipokufa, yeye aliendelea na zamu zote mbili.

Basi yeye akapewa sparadra ambayo mimi nilinyimwa. Muuguzi alimwambia abandike mahali popote pa ngozi safi, na mama mukwe, anayejua sparadra ni kitu cha kubandika panapouma, akaibandika gotini. Ikamtuliza. Mpaka leo anasema ni dawa nzuri sana ya magoti, na kwamba kuacha kiko kulitokea tu kama bahati. Ile saa ya alfajiri muuguzi alimwamuru asikae peke yake, na mke wangu akaanza kuamka naye na kunywa chai naye, bila maneno.

Na mimi? Muuguzi alinitolea kichwa dirishani, maana alishaniona zamani.

"Tata, we dawa yako ya kwanza ilikuwa makosa yangu. Mi nilisema umuwaze, sikusema akuye. We unavutaka juu unabakia peke yako. Utafute mutu wa kusemesha ukingoya."

"Mi sipendake batu."

"Utafute mutu mwenye haseme."

Ndivyo ilivyoanza. Kila nilipofika kwenye foleni na mkono ukaanza kutambaa kuelekea mfukoni, nilipiga simu nyumbani. Mama mukwe ndiye aliyekuwa na mtoto, kwa hiyo mama mukwe ndiye aliyeshika simu. Kuku mwekundu alikuwa ameshaliwa, mke wangu alimpika Jumapili bila kujua kwamba anapika balozi. Mjumbe wetu mpya akawa mtoto.

"Mutoto," mama mukwe anamwambia, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "uliza bwana yako ya buzee, amefika wapi?" Kwetu babu huitwa bwana wa mjukuu wake wa kike, kwa utani.

"Mutoto, ambia mama niko Likasi, bamekamata lori mbele yangu."

"Mutoto, muambie asigombane na polisi."

Kisha anaisogeza simu kifuani kwa mtoto, na mimi nasikiliza. Filimbi. Nilizima injini ili niisikie vizuri. Madereva wengine walidhani nina mwanamke mahali fulani, nikawaacha wadhani. Nilianza kuijua filimbi ile kama ninavyojua sauti ya injini yangu, nikajua siku inapopanda na siku inapotulia. Sitasema kwamba sikuvuta tena tangu siku ya kwanza. Nilivuta, nikajilaani, nikapiga simu. Lakini ni vigumu kushika sigara huku sikio moja liko juu ya kifua cha mtoto, na hamu ikachoka polepole, kama mgeni ambaye hakuna anayemletea kiti.

Safari moja nilisikiliza kwa muda mrefu sana nikiwa katika foleni ya Kasumbalesa, nikabonyeza simu sikioni, nikadhani mtandao umekatika. Haukuwa umekatika. Ilikuwa pumzi tu, laini, isiyo na filimbi.

Nilirudi nyumbani mchana, nguo safi, mikono nimeiosha kwa sabuni pale bombani. Binti yangu alikuwa anaoga, mke wangu yuko sokoni. Uani alikuwepo mama mukwe peke yake, mtoto mikononi, na jikoni sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu, ilikuwa inafurika na kuuzima moto. Nikaanza kurudi nyuma kuelekea ukutani, kama kawaida. Yeye akaangalia huku na huku amtafute wa kumpokeza. Kwetu, kitu kikitoka kwa mama mukwe kwenda kwa mkwe, kinawekwa chini kwanza, ndipo mkwe anakiokota, ili mikono isigusane. Lakini mtoto hawekwi chini juu ya vumbi.

Alinijia moja kwa moja. Kwanza akashika mkono wangu wa kulia, akauinua, akaunusa. Kisha akaninyooshea mtoto.

"Kamata," akasema.

Nikakamata. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto, na alinikunjia uso wake mdogo kana kwamba nimemchelewesha. Machozi yakanitoka, sikuwa na mkono wa kuyafuta. Mama mukwe aliyaona. Akaiacha sufuria ifurike, akageukia ukuta wa bafu, akasimama hapo akiutazama, kwa heshima, mpaka nilipomaliza.